Mjane Mwenye Msiro Usoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika ukweli. Najua linavyosikika, lakini ngoja. Haya ninayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimekula, nimelala vya kutosha na sina homa. Ukurasa huu nimeuandika mara sita, kwa sababu kila nikifika katikati naona kuna neno halijakaa sawa. Mara hii nitauacha na makosa yake. Ugonjwa huohuo wa kutaka kila kitu kiwe safi ndio ulioniharibia maisha, sitaki uniharibie na kisa.

Tunakaa katika kijiji cha waliohamishwa na vita, nje kidogo ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mimi nilikimbia kutoka Mucojo. Shule yetu ilichomwa nikiwa darasa la saba, kwa hiyo hati nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya kwenye magunia ya mchele na karatasi za dawa. Kireno changu nacho kimetoka hukohuko. Hati ikawa nzuri kuliko ya walimu, ndiyo maana shefe wa kijiji akanipa kazi ya lista, zile orodha za familia: jina, mlikotoka, nani yu hai, nani amekufa, nani hajulikani alipo. Asiye na jina kwenye lista hapati chakula. Nikitia doa moja la wino nachana karatasi nzima, naanza upya. Watu walinicheka. Mimi nilijivuna.

Anchia alikuwa mchumba wangu. Mdogo wake, Momade, alichukuliwa na watu wa msituni siku kijiji chao kilipochomwa. Hakwenda kwa kupenda, alifungwa mikono. Siku moja Anchia aliniambia jambo ambalo hakumwambia hata mama yake: Momade amepiga simu, yu hai, anatafuta njia ya kutoroka.

"Kwenye lista muandike amekufa," akaniambia. "Wakubwa wakijua yuko hai huko, watasema na sisi ni watu wa msituni."

Nikamwambia sawa. Kisha nikakaa na ile karatasi, nikaona ina visanduku vitatu, na cha "amekufa" hakikuwa cha kweli. Niamini, mkono ulikataa. Nikatia alama kwenye "yu hai", na pembeni, kwa hati nzuri kabisa, nikaandika: amempigia dada yake simu. Nani aliniuliza hayo ya pembeni? Hakuna. Nilitaka tu lista ikamilike.

Lista ikaenda kwa wakubwa. Wiki haikuisha. Ikaja gari isiyo na namba, watu wawili wakamchukua Anchia. Mpaka leo sijui walikuwa akina nani, na aliyejua hakusema. Alikaa huko siku kumi na moja. Alirudi amenyolewa nywele, simu hana, na kama Momade alipiga tena au hakupiga, hakuna ajuaye. Alinitazama mara moja, akaingia ndani kwao.

Miezi miwili baadaye ndipo yule mwanamke alipokuja. Meza yangu ilikuwa barazani, mbele ya stoo ya chakula. Watu walikuwa wameshaswali adhuhuri, wamekwenda kujificha jua. Nilikuwa nanakili lista, nimefika mstari wa arobaini na moja. Mwanamke wa rika langu akasimama mbele yangu, amejifunga kapulana, kanga za kwetu, mbili zilizochakaa, mtoto mgongoni amelala. Uso wote alikuwa ameupaka msiro, ule mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji ukatoa rojo jeupe. Hilo halikunishtua, wanawake wetu wanapaka kila siku.

"Niandike, karani," akasema. "Mie mjane."

Nikamuuliza jina, akasema Muanacha binti Anlaue. Nikamuuliza mumewe amefia wapi.

"Popote utakapopaona panafaa."

Nikacheka, nikainua macho, na kicheko kikanikauka. Nyumba zetu za matofali hazikuwepo. Nyuma yake palikuwa na vibanda vya nyasi vilivyopangwa mistari, nyuma ya vibanda waya wa miba, na kwenye pembe mnara wa magogo. Kivulini alikaa mwanajeshi Mzungu, amevua buti, anajikuna vidole vya miguu. Pembeni yangu alisimama sipai, askari mweusi wa Wareno, na kofia yake nyekundu. Karatasi mbele yangu ilikuwa nyingine, nene, rangi ya chai. Kalamu tu ndiyo ilikuwa ileile yangu ya bluu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbilie wapi, kwenye waya? Tena nilipajua pale. Mtu gani wa pwani hii hajasikia habari za aldeia, vile vijiji vya waya ambamo Wareno waliwafungia watu wakati wa vita vya uhuru ili wasipeleke chakula kwa wapiganaji porini? Wanawake waliitwa mezani mmoja mmoja, wakaulizwa: mumeo yuko wapi?

Nyuma ya Muanacha palikuwa na foleni ndefu, na wote walijiita wajane, kwa sababu mume aliye hai maana yake yuko porini. Sipai akapiga miayo, akasema mwaka huu Mungu ana kazi, anachukua wanaume tu. Mwanamke mmoja wa nyuma akajibu kwamba ndiyo maana yeye sipai amebakizwa. Foleni ikachekea ndani ya kapulana.

Nikaandika jina. Nilipofika kwenye neno "mjane", kalamu ikasimama. Kwetu mjane aliye kwenye eda hajipambi. Na zamani msiro wa uso mzima namna ile ulikuwa na maana yake: mume wangu yuko mbali, mimi ni wa mtu. Mdomo wake ulisema mume amekufa, uso wake ukasema yu hai. Kwa mtu kama mimi, hilo ni doa la wino.

"Kafute uso," nikamnong'oneza.

"Siufuti. Nimemuahidi atakuja kuufuta mwenyewe."

"Watakuua."

"Basi wewe andika vizuri. Si ndiyo kazi yako?"

Sipai aliiona kalamu imesimama. Hakuwa mtu wa pwani, lakini hakuwa mjinga. Akainama, akamtazama mashavu, akauliza mjane gani huyu anayejiremba. Mzungu akaacha kujikuna. Mbele ya macho yangu nikamuona Anchia, kichwa hakina nywele. Nikasema kwa sauti, kwa Kireno changu cha magunia ya mchele, kwamba ule si urembo, ni dawa. Ana ukurutu mbaya, unaambukiza, hata mtoto mgongoni anao, na mumewe alikufa nao. Na pembeni ya jina lake nikaandika hivyohivyo: mjane, ugonjwa wa ngozi, asiguswe. Kwa hati nzuri kabisa.

Sipai akaruka nyuma, akajifuta mikono kwenye kaptura ingawa hakuwa amegusa kitu. Mzungu akapunga mkono: mwondoeni. Muanacha hakunishukuru. Alipitisha kidole gumba shavuni kwake, akakibonyeza juu ya mkono wangu wa kulia, taratibu, kama mtu anayegonga muhuri. Nikapepesa macho, na nyumba za matofali zikarudi.

Kwenye lista yangu, kati ya mstari wa arobaini na moja na wa arobaini na mbili, palikuwa na mstari mmoja zaidi. Hati yangu, wino wangu wa bluu. Mkononi palikuwa na alama nyeupe ambayo sabuni haikuitoa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kugawa chakula, nikaita majina. Ule mstari sikuuruka, kwa sababu mimi sina uwezo wa kuruka mstari. Nikaita Muanacha binti Anlaue. Bibi Zainabo, mama mmoja mkali ambaye hakuna foleni asiyogombana nayo, akaja mpaka mezani.

"We mtoto, nani kakupa jina la mama yangu?"

Akanisimulia kwa hasira, kana kwamba nimemuibia. Mama yake alikufa zamani. Alikaa aldeia mpaka vita vilipoisha, na masipai wakimwita Mama Ukurutu, na hakuna aliyethubutu kumgusa, ingawa ngozi yake ilikuwa safi kuliko yangu mimi. Hata yeye Zainabo, aliyekuwa mtoto wa mgongoni, walikuwa wakimkimbia. Uhuru ulipokuja, baba yake akatoka porini kwa miguu yake, akaomba maji, akamfuta mkewe msiro mbele ya watu. Na kila baada ya swala, mpaka anakufa, Muanacha alimuombea dua karani mmoja asiyemjua jina. Alimwita "yule aliyenidanganyia vizuri".

Unadhani nilifurahi? Nilikasirika hadi nikavunja kalamu. Mwanamke nisiyemjua nimemdanganyia kwa pumzi moja, na Anchia, aliyeniomba neno moja tu, nikamnyima. Na sijikasirikii mimi peke yangu. Wareno wameondoka, waya umeng'olewa, bendera imebadilika, na meza bado ipo. Bado mwanamke anasimamishwa juani aulizwe wa kwake yuko wapi. Akisema kweli anaangamia, akisema uongo roho yake iko mikononi mwa karani. Nani aliyeshiba kwa sababu mimi nilitia alama kwenye kisanduku sahihi? Nani aliyepona?

Nilikwenda kwa Anchia. Hakunikaribisha, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, nikamuonyesha mkono.

"Kumbe unaweza," akasema, akafunga mlango.

Alama ile ninayo hadi leo, na kila adhuhuri inanukia msiro mbichi. Kwa hiyo wewe unayesoma, ikiwa unashika kalamu kwa niaba ya wengine, mwalimu, shefe, karani, sikia. Mtu akija mezani kwako saa ya jua kali akakuambia muandike wa kwake amekufa, usimchunguze uso kutafuta kosa. Hujui ametoka mwaka gani, wala huhitaji kujua. Andika.

Mimi lista bado naandika. Siku hizi namuuliza mtu anataka niandike nini, nami naandika hicho. Zina madoa, na tangu siku ile sijachana hata moja. Momade nimemuandika amekufa, kama nilivyoombwa mara ya kwanza. Anchia hanisalimii.