Saa ya Matangi Kulingana

Pale kwenye kiwanda cha kufua mashuka hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bibi Pampu, basi. Kwa miaka kumi na sita aliyatunza matangi mawili ya chuma nyuma ya jengo: la kushoto likinyonywa na mashine za kufulia tangu saa kumi na mbili asubuhi, la kulia likijazwa na pampu. Katikati palikuwa na bomba lenye koki moja kubwa, ya kufunguliwa maji yakiwa kimo kimoja kote kote. Ukiwahi au ukichelewa, maji yanakimbilia upande mmoja kwa fujo, bomba linakohoa kutu, na mashuka meupe yanatoka na madoa kama ya chai.

Kwa hiyo kila asubuhi Bibi Pampu alipanda ngazi ya kushoto, akatumbukiza fimbo yenye alama, akashuka, akapanda ya kulia. Mara nane, mara tisa. Sasa goti lilikuwa limegoma, na msimamizi alishasema lake.

"Mama, Jumatatu ukishindwa kazi nakuhamishia meza ya kukunja. Pampu nitampa mwingine."

Kukunja mashuka! Bora wangemwambia akae nyumbani ahesabu mende.

Fundi mpya wa mitambo, binti ambaye mikono yake haikuisha grisi, alimwonea huruma. Siku tatu alipanda yeye, akaandika vimo, na Ijumaa akabandika ukutani karatasi yenye mistari miwili: mmoja unashuka, mwingine unapanda, inakatana katikati.

"Bibi, jibu lako liko hapo inapokatana," alisema, akaenda zake.

Aliporudi, alimkuta Bibi Pampu nyuma ya matangi, sepeto mkononi, amechimba shimo la kutosha kuzika mbuzi.

"Bibi! Unatafuta nini?"

"Maungio. Mabomba si yanakatana hapa chini? Umechora mwenyewe. Miaka yote hii sijawahi kuyaona!"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo.

"Cheka, mwanangu. Ukimaliza, shimo la kujifukia hilo hapo."

"Nisamehe, Bibi. Yale si mabomba." Akamshika mkono mpaka kwenye karatasi. "Huku chini ni saa. Huku pembeni ni kimo cha maji. Saa kumi na mbili asubuhi, la kushoto lina sentimita ngapi?"

Kidole kikapanda taratibu. "Mia mbili."

"La kulia?"

"Hamsini."

"Saa tatu?"

"Mia na sabini. Na hili... tisini na tano. Ee, linamfukuza mwenzake!"

Kidole kikaendelea, saa nne, saa tano, pengo likizidi kubana. Kilipofika saa sita, kidole kimoja kilitosha kugusa mistari yote miwili.

"Mia na arobaini," alisema polepole. "Na hili mia na arobaini. Saa ileile." Akapiga makofi. "Kumbe hapa si mahali! Ni wakati! Ndipo yanapolingana!"

"Ndiyo hivyo."

"Na mimi nikachimba!" Sasa akacheka yeye, akiushikilia ukuta, hadi wafuaji wakachungulia dirishani.

Jumatatu, saa sita kamili, msimamizi alisimama mikono nyuma, wafuaji wamejazana mlangoni. Bibi Pampu hakuwa amegusa ngazi tangu asubuhi. Akaitazama saa ya ukutani, akazungusha koki.

Kimya. Bomba halikukohoa hata kidogo.

Msimamizi, mbishi wa kuzaliwa, akapanda ngazi zote mbili na fimbo yake, akashuka anahema, suruali imejaa kutu.

"Mia na arobaini. Kote kote." Akajifuta jasho. "Haya mama, pampu ni yako."

Wafuaji wakapiga vigelegele. Msimamizi akainua kidole.

"Ngojeni kwanza! Kesho nawasha mashine tatu, si mbili. Hiyo karatasi itasemaje?"

Fundi alifungua mdomo. Bibi Pampu akamzuia kwa kiwiko, akachukua rula na penseli. Mashine mbili zilikunywa sentimita kumi kwa saa. Tatu zitakunywa kumi na tano. Akauchora upya mstari unaoshuka, safari hii mkali zaidi. Ule unaopanda hakuugusa, kwa sababu pampu ni ileile.

"Yatalingana mapema, saa tano," alisema, "na chini zaidi, mia na ishirini na tano. Kama huamini, bosi, njoo upande tena."