Wiki Tatu za Vanila

Mume wangu alikuwa akivuta sigara tangu kabla sijamjua. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Jinja, na mimi nilikuwa na duka Mbale, karibu na soko, la vitu vya kuokea: unga wa keki, hamira, sukari laini, na arki za kutia ladha za kila aina katika chupa ndogo ndogo. Tuliishi hivyo miaka mingi, yeye huko, mimi huku na mabinti zetu wawili. Kila Ijumaa ya pili alipanda taksi baada ya swala akafika kwangu alasiri, shati likinuka moshi.

Siku moja alikuja na picha ya kifua ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Hakunionyesha. Aliiweka juu ya kabati akasema daktari amemwambia achague, sigara au pumzi. Alisema kwa mzaha nami nikacheka, lakini alipokwenda kuoga niliitoa ile picha nikaiinua dirishani. Sikuelewa nilichokiona. Niliona tu kwamba upande mmoja ulikuwa na ukungu.

Dereva mmoja wa malori aliyefahamiana naye alimletea sigara ya umeme kutoka Kenya. Kwetu sheria haitaki vitu hivyo viuzwe, kwa hiyo tulikuwa tukiitumia kama watu wanaokula mchana wa Ramadhani, mapazia yameshushwa. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, cheusi, kinateleza mkononi, nami nikakizungushia uzi wa kijani wa kufumia ili asikiangushe. Tatizo lilikuwa maji yake, yale tuliyoyaita juisi. Dereva alileta chupa tatu, zikaisha, na safari zake za kuja huku zikakoma. Mume wangu alirudia sigara kwa wiki nzima. Ndipo nilipomwambia, "Wewe unahangaika nini? Mimi ninauza arki. Glisarini ya kuchanganyia iko kwa mwenye duka la dawa. Hiki si kitu cha kutushinda."

Alikuwa na kichupa kimoja cha nikotini alichoachiwa na dereva, basi tukakaa mezani na bomba la sindano tukachanganya. Ile ya kwanza ilikuwa mbaya kabisa. Ilinuka kama sabuni ya kufulia iliyomwagiwa manukato. Alivuta mara moja, macho yakamtoka machozi, akakohoa mpaka binti yetu mdogo akaja kuuliza kuna nini. Tukaimwaga. Ya pili niliitengeneza peke yangu, vanila tupu. Nayo ilichoma koo. Nikaudhika, nikaisukuma ndani ya kabati la nguo chini ya shuka, nikaisahau.

Niliikuta nilipokuwa natafuta shuka za wageni. Zilikuwa zimepita wiki tatu. Nilipoitia ilikuwa haina rangi, kama maji. Sasa ilikuwa na rangi ya asali mbichi. Nikafungua kifuniko. Ule ukali wa pombe iliyomo kwenye arki ulikuwa umeondoka, na kilichobaki kilinuka kama jiko la mtu anayeoka. Ijumaa ile mume wangu alivuta, akavuta tena. "Umeweka nini humu?" akauliza.

"Sikuweka kitu. Nimeiacha tu."

Tangu hapo nikawa na kazi mpya. Nilibandika kipande cha plasta kwenye kila chupa nikaandika siku niliyochanganya. Nilivuta kidogo mwenyewe, nikatoa moshi, nikasuuza mdomo, nikaandika tena. Nilijifunza kwamba maembe na pasheni havitaki kungoja. Siku tatu, nne vinakuwa vitamu, na baada ya mwezi vinafifia mpaka unabaki na utamu usio na jina. Kahawa ilinisumbua. Wiki ya kwanza ilikuwa na uchungu wa majivu, ya pili nikadhani imeharibika, ya nne ikawa kahawa. Vanila ilitaka wiki tatu. Vanila na maziwa ilitaka tano, na ikipita miezi minne inakuwa nzito, kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Niliziweka gizani, mbali na joto, na kila asubuhi kabla ya kwenda dukani nilizitikisa moja moja. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo kwa mafuta yake ya manukato, aliyoyajua kutoka kwa watu wake waliokuja na jeshi kutoka Sudani. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa mtu mmoja tu.

Mwaka ule hakugusa sigara. Daktari hakufurahia sana. Alisema moshi ni moshi na hajui kilichomo ndani ya vichupa vyangu. Lakini mume wangu alipanda ngazi za nyumba yetu bila kusimama katikati. Nilidhani nimemponya.

Kisha Ijumaa zikaanza kupotea. Mara kiwandani kuna zamu, mara mtambo umekufa, mara amechoka. Wiki mbili zikawa tatu, tatu zikawa tano. Chupa nilizomwekea zikawa zinapita wakati wake kabatini. Nilipomuuliza juisi inamtosha vipi siku zote hizo, alisema anavuta kidogo kidogo.

Siku moja alipokuja, alikaa kwenye kiti chake, akatoa kile kifaa, akavuta. Nikaisikia harufu nikiwa jikoni. Ilikuwa vanila, lakini vanila mbichi, yenye ukali unaopanda puani. Haikuwa yangu.

"Nani amekutengenezea hii?"

"Jamaa mmoja kazini. Anajaribu jaribu."

Mwanamume wa kiwandani akijaribu angeanza na kitu cha wanaume, tumbaku au minti. Aliyechanganya ile alijua kwamba mume wangu anapenda vanila, na alitaka kumfurahisha upesi.

Miezi miwili baadaye mwanamke mmoja aliingia dukani kwangu. Alikuwa kijana kuliko mimi, mjamzito wa miezi sita hivi, amejifunga kitambaa kichwani vizuri. Kwa matamshi nikajua ni Msoga, mtu wa upande wa Jinja.

"Asalaam aleikum, hajati," alisema. Wateja wengi huniita hivyo ingawa Maka sijafika. "Mimi natoka Buwenge. Wananiambia arki mzuri iko hapa."

"Karibu. Unataka kuoka nini?"

"Si kuoka." Alitazama nyuma, akafungua mkoba. "Ni ya bwana yangu. Yeye alikuwa mtu ya sigara, sasa anavuta hii. Mimi nachanganya mwenyewe, lakini inachoma yeye kwa koo. Anakohoa. Anasema haiko kama ile alizoea."

Akakiweka kile kifaa juu ya meza. Kilikuwa na uzi wa kijani.

Nakumbuka kwamba palikuwa na mteja mwingine aliyetaka hamira, nami nikamhudumia kwanza, nikamfungia, nikamtakia heri. Dini inamruhusu mwanamume mke wa pili. Hilo nililijua tangu utoto, na baba yangu mwenyewe alikuwa nao wawili. Kilichoniuma ni kwamba nilifichwa, na kwamba kazi yangu ya kabatini, ile niliyodhani ni yetu wawili, ilikuwa imebebwa mpaka Buwenge ikajaribiwa na mtu mwingine.

"Unaiweka muda gani kabla ya kumpa?" nikamuuliza.

"Siku mbili. Ama tatu."

"Ndiyo makosa yako," nikasema. "Hii ni ya kutumia siku hiyo hiyo. Ikilala inaharibika. Tikisa sana, mpe. Na ongeza vanila."

Alinishukuru. Aliniombea kwa Mungu, akachukua chupa mbili za arki, akaondoka ameshika tumbo kwa mkono mmoja.

Mume wangu alipokuja tena nilimwambia arki nzuri imekatika mjini. Chupa zangu zilikuwa kabatini, vanila ya wiki tatu na siku moja, tamu kabisa. Sikumpa. Hakulalamika. Alikaa na kile kifaa mkononi bila kukivuta, kisha akakirudisha mfukoni. Safari iliyofuata shati lake lilinuka sigara kama zamani.

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Ningeweza kufungua kabati. Badala yake nilimwambia, "Najua habari za Buwenge."

Aliweka kikombe chake mezani. "Nani amekuambia?"

"Uzi wangu ndio ulioniambia."

Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Alisema maneno ambayo wanaume husema: kwamba alikuwa akitafuta siku nzuri ya kuniambia, kwamba hakutaka kuniumiza, kwamba mimi na mabinti hatutapungukiwa na kitu. Nilimwambia arudi kwa mke mwenzangu, akiwa na nafasi atakuja kuwaona watoto. Hakunipa talaka na mimi sikuidai. Aliondoka kabla chai haijapoa. Nikamsikia akikohoa ngazini, amesimama katikati.

Mwaka mmoja na kitu ulipita. Alikuja mara chache, alizungumza na mabinti sebuleni, akaenda. Alikuwa amekonda, kola za mashati zikawa pana shingoni. Kisha asubuhi moja simu ikalia, na sauti ya mwanamke ikasema, "Hajati, ni mimi wa Buwenge. Bwana yetu amelazwa Jinja."

Nilifunga duka nikaenda. Nilimkuta amekaa kitandani kwa sababu kulala chali hakuwezekani tena, mrija wa hewa puani. Aliniona, akainua vidole viwili kunisalimia. Nilikaa naye. Hatukusema mengi, kila neno lilimgharimu pumzi. Aliuliza mabinti wako wapi, nikamwambia wako shule, nikamwambia wanamsalimia.

Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mtoto wa kike amelala mapajani mwake. Nikakaa kando yake. Kwa muda tulitazama watu wakipita na ndoo na sufuria za wagonjwa. Nilijua nisipozungumza hapo sitazungumza tena.

"Siku ile dukani," nikasema, "nilikudanganya. Juisi ile hutakiwi kuitumia siku hiyo hiyo. Unaiacha wiki tatu. Ndipo inalainika."

Hakugeuka. "Najua," akasema. "Ilibaki chupa moja kwa sanduku, nikaikuta nyuma ya kuzaa. Ilikuwa mzuri sana. Lakini yeye alikuwa amerudi kwa sigara zamani. Nikampa, akakataa. Akasema amechoka kujaribu."

"Nisamehe."

"Na mimi nilijua wewe ni nani," akasema. "Siku ile. Nilikuja nione sura yako. Na kweli dawa ilikuwa inachoma yeye, nikasema, ngoja niulize, huyu ndiye anajua. Nikafikiri, mtu anaweza kuchukia mimi, lakini hawezi kudanganya kwa kitu ya mgonjwa."

Mtoto akaamka akaanza kulia. Akamwinua, akampigapiga mgongoni, akaingia naye ndani kwa baba yake. Mimi nilibaki pale mpaka wahudumu wakaja kuosha sakafu wakaniomba niinue miguu.

Alifariki wiki mbili baadaye, mchana, akazikwa kabla ya magharibi. Nilikaa eda Mbale na mwenzangu akakaa Buwenge. Kabla ya kuondoka hospitalini nilikuwa nimemtafuta daktari nikamuuliza kama mambo yangekuwa tofauti iwapo angeendelea na ile ya umeme, asirudie sigara. Alikuwa mtu mpole. Alisema mapafu yale yaliharibika miaka mingi iliyopita, na kwamba hakuna anayeweza kuniahidi kwamba mvuke ule nao haukuwa na madhara yake. "Usijitese, mama," akasema. Nilimshukuru. Lakini alikuwa akimjibu mke aliyepoteza matumaini. Hakujua nilichokisema dukani, na sikumwambia.

Bado nauza arki. Wanaokuja kuuliza habari za juisi nawaambia sijui mambo hayo. Kila Idi namtumia yule mtoto gauni kwa dereva wa taksi ya Jinja, na mama yake analipokea. Hajawahi kupiga simu kusema limefika. Dereva ndiye anayeniambia kwamba linamtosha.