Kiganja cha Eufrosina Mgongoni

"Jua na ndimu ni wanangu wa kuzaa, na mtoto hamng'ati mama yake." Eufrosina Anguiano aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku alipowashinda wanaume saba kukamua ndimu katika maonyesho ya mji wa Tecomán. Watu wakacheka. Tecomán hucheka kwa lolote, joto limewalegeza akili.

Jumapili moja alikuwa uani akikamua ndimu za kuivishia samaki wa kusaga bila moto, ndiyo biashara yake. Mjukuu wake Yaretzi, miaka minne, kifua wazi, akataka kubebwa. Akambeba, wakazungukazunguka juani. Nani hunawa ili abebe mjukuu?

Jumanne mwalimu wa chekechea akamvua mtoto fulana, akakuta mgongoni kiganja chekundu, vidole vitano kamili, kimevimba malengelenge. Ustawi wa jamii wakamchukua mtoto saa ileile.

"Mama, weka mkono hapa," afisa alisema, akimsogezea Eufrosina picha ya mgongo, ukubwa uleule.

Mkono ukaenea barabara.

"Ni wangu."

"Kwa hiyo ulimpiga."

"Sikumpiga."

"Sasa ulifikaje mgongoni, ulitembea?"

Eufrosina akatazama feni. Alijaribu kulia, kwa adabu tu. Machozi yakagoma.

Jirani yake Chole akamletea supu. "Kula, shoga. Hata wauaji hula." Akala. Ingekuwa maji ya kuoshea vyombo asingejua.

Siku ya tisa daktari wa ngozi, aliyekwisha kumpima mtoto, akaigeuza mikono ya Eufrosina na kuona madoa ya kahawia nyuma ya vidole.

"Bibi, Jumapili ulikuwa na kazi gani?"

"Ndimu."

"Juani?"

"Kwani huku kuna kwingine?"

Daktari akamweleza. Ganda la ndimu lina kitu kinachopenya hadi ndani ya seli za ngozi. Gizani hakina neno. Mwanga wa jua ukikipiga, kinajishona kwenye uzi wa uhai uliomo humo, seli zinakufa, na ngozi huumuka baada ya siku moja au mbili. Viganja vyake ni sugu, havikuhisi. Mgongo wa mtoto ni laini.

"Basi ni mimi."

"Ni ndimu, bibi."

"Ndimu haikumbeba."

Afisa akatia saini bila kuinua uso. Mtoto akaletwa. Eufrosina akanyoosha mikono.

"Wamesema niseme kama sitaki kushikwa," Yaretzi alisema.

"Hutaki?"

"Sijui."

Akaishusha mikono. Wakarudi nyumbani sambamba, bila kushikana, wakapitia dukani. Glavu za mpira, jozi moja, peso thelathini na mbili.