Viatu vya Ngozi kwenye Pedali za Chuma

Siku niliyoripoti kazini Sumbawanga nilikabidhiwa baiskeli kabla sijaonyeshwa choo kilipo. Nilikuwa nimetoka kwetu Mbozi na sanduku la bati, koti moja na cheti cha uchanjaji. Mtunza stoo aliitoa nje, akalipiga teke tairi la mbele, akaniambia, "Ndugu, hii ndiyo ajira yako. Ikifa hii, na wewe umekufa." Nilicheka. Nilikuwa kijana, na upepo wa Ufipa ulikuwa haujanifika mifupani.

Ninyi vijana mnaoniuliza habari za kazi ile mnadhani shida yetu ilikuwa sindano. Kuchoma sindano mtu hujifunza kwa wiki moja. Kufika ndiyo ilikuwa kazi. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanzishwa kila upande, watu wamekusanywa pamoja, na ugonjwa ukiingia nyumba moja umeingia zote. Gari la idara lilikuwa juu ya mawe likisubiri spea. Tulibaki sisi na baiskeli zetu.

Ya kwangu ilikuwa ya Kichina, nzito, na pedali zake zilikuwa zimekwisha raba. Kilichobaki ni vyuma vya kukanyagia, na kukiwa na umande vinateleza kama kambare. Breki zake zilikuwa za fimbo, yaani vyuma virefu vinavyovuta vipande vya raba vikabana rimu. Fimbo zilikuwepo, raba hazikuwepo. Hazikuwepo stoo, wala dukani, wala kwa fundi. Miaka ile hata sabuni ikifika dukani ilikuwa habari ya mjini.

Basi tulifunga breki kwa mguu. Tulivaa katambuga, ile ndala inayokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Unainua mguu wa kulia kutoka kwenye pedali, unaupeleka mbele, unakandamiza soli juu ya tairi, pale chini ya uma unaoshika gurudumu la mbele. Raba ikikutana na raba hushikana. Unasikia harufu ya kuungua, na mwendo unapungua. Aliyenifundisha ni Gaudensi, mchanjaji mwenzangu, Mfipa wa Chala, mtu wa maneno machache mpaka aone mtu anaanguka. Nilianguka sana pale kwenye mteremko wa Milanzi, naye akicheka mpaka anashika mbavu.

"Kwani kwenu Mbozi hamna vilima?" aliniuliza. "Mguu usiusubirishe. Ukianza kufikiri, umeshachelewa."

Nikazoea. Ukishazoea, mguu unakwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda mdomoni wakati wa kula ugali.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Afya wa Wilaya. Wengi mngependa nimseme vibaya, lakini siwezi, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa mtu mwema. Asubuhi moja alitupanga mstari uani, akatazama miguu yetu kwa muda mrefu.

"Mnawahubiria wananchi wavae viatu wasipate safura," alisema, "na ninyi vidole vinachungulia nje. Mtumishi wa afya anaingia kijijini amevaa tairi! Nani atamsikiliza?"

Hakuishia kusema. Alihangaika, akaomba huku na huku, akasafiri mwenyewe hadi Mbeya, akarudi juu ya lori la mahindi amekumbatia boksi. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi, vyeusi, soli ngumu ya ngozi vilevile. Alitugawia kwa mkono wake, na uso wake ulikuwa kama wa baba siku ya Krismasi. Vya Gaudensi vilimkaa barabara. Siku hiyo alivivaa kwenda nyumbani, na mkewe, Oresta, akavifuta vumbi kwa ncha ya kanga kabla hajamruhusu kuingia.

Vyangu havikunienea. Bwana Afya aliniambia nivumilie, vitalegea. Nilivumilia mpaka kisigino kikatoa damu, ndipo akasema, "Haya, rudia tairi zako mpaka nikupatie namba kubwa." Niliona aibu, maana Gaudensi alionekana kama karani nami kama mchunga mbuzi.

Kwa siku kadhaa tulizunguka vijiji vya juu, ambako njia ni za miinuko midogo, na viatu vile havikuleta neno. Kisha ikaja habari kwamba surua imeingia kijiji kimoja chini, bonde la Rukwa, na watoto wa kijiji cha jirani bado wazima. Hao ndio tulipaswa kuwawahi. Dawa ya surua haipendi joto. Tuliipanga kwenye kasha la baridi pamoja na barafu iliyogandishwa kwenye jokofu la mafuta ya taa. Gaudensi akafunga kasha kwenye keria yake. Mimi nilibeba sindano na jiko la kuchemshia.

Ukingo wa Ufipa mnaujua. Ardhi inakatika, na bonde unaliona huko chini limejaa ukungu wa joto. Siku nyingine tungeshuka tukikokota baiskeli. Siku hiyo nilimwuliza Gaudensi, "Tukokote?"

"Barafu itatungoja?" alijibu. "Twende, bwana. Watoto wale."

Alitangulia. Nilikuwa nyuma yake nikisikia katambuga yangu ikiungua. Kwenye kona ya mawe nilimwona anainua mguu wa kulia kama alivyoinua maisha yake yote, anaupeleka kwenye tairi. Mguu ulifanya ulichozoea. Ile ngozi iliteleza juu ya tairi lenye umande kana kwamba imepakwa mafuta, ikaingia kwenye spoki, na baiskeli ikapinduka pamoja naye.

Nilipomfikia alikuwa amelala kwenye mawe, na kichwa sitakieleza. Kasha lilikuwa limepasuka, chupa zimevunjika, barafu inayeyuka mchangani. Alinitazama akauliza, "Dawa?" Nikamdanganya kwamba ni nzima. Wananchi waliokuwa wakipanda na mizigo walikata miti wakatengeneza machela, tukambeba kurudi juu. Alikata roho kabla hatujauona mji.

Wilaya nzima haikuwa na kasha jingine. Lilipopatikana, surua ilikuwa imeshafika kwa wale tuliotaka kuwawahi. Nilipofika hapo na sindano zangu, akina mama walinikaribisha vizuri, wakanipa maji ya kunywa. Mmoja aliniambia bila hasira, "Umechelewa, Bwana Dawa." Niliona makaburi madogo mapya nyuma ya shule.

Viatu vya Gaudensi vilikuwa mali ya umma, kwa hiyo Oresta alitakiwa kuvirudisha. Alivileta amevipiga rangi. Baadaye aliajiriwa mchanjaji mpya, naye akapewa. Nilimwambia vinaua. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, akafunga kamba. Yeye havikumwua, aliacha kazi mapema akaenda zake kulima ulezi. Bwana Afya alinijia siku moja ofisini, akasimama mlangoni. "Nilitaka mpendeze tu," alisema. Aliomba uhamisho, na sikumwona tena.

Mimi nilihamishiwa Chala, kisha Kabwe, kisha nikarudi mjini. Nilifanya kazi chini ya wakuu wengi. Kila mmoja nilimwomba raba za breki. Kila mmoja alinijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Mnapenda niseme ilikuwa kazi ya heshima, na kwamba jasho letu halikupotea bure. Labda kwa wengine. Mimi nikifumba macho naiona barafu mchangani.

Siku ya kustaafu kulikuwa na soda na hotuba. Mganga Mkuu, kijana mwenye adabu, alinishika mkono akasema, "Shikamoo mzee wetu. Umetembea sana kwa ajili ya taifa hili." Kisha wakanikabidhi zawadi waliyonichangia: viatu vya ngozi, vyeusi, soli ngumu.

Nilivijaribu nyumbani, nimekaa kitandani. Vilinienea. Mke wangu alinikuta ninalia, akaniuliza kama vinanibana.

"Havibani," nilimwambia. "Vinanikaa barabara."