Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Pumba za mpunga zina harufu ya vumbi tamu, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo navuka upande wa pili wa barabara. Mama Neema, mwenye duka la mtaani kwetu Mirongo, aliyafukia mayai yake ndani ya boksi lililojaa pumba hizo ili yasigongane. Kila jioni baada ya shule nilitumwa kwake kununua yai moja tu. Alilitafuta kwa vidole kama mtu anayechimbua kiazi, akalitikisa sikioni kusikia kama limeharibika, akalifunga kwenye kipande cha gazeti. Nililibeba kwa mikono miwili, nikipanda juu ya mawe kuelekea nyumbani, na watoto wenzangu wakinicheka kwamba natembea kama bibi harusi. Mlangoni alikuwa akinisubiri mdogo wangu Malimi. Yai lilikuwa lake.

Malimi alikuwa na miaka minne. Surua ilikuwa imempitia mwaka huo ikamwacha na miguu iliyovimba, nywele nyepesi za rangi ya kutu, na upole ambao haukuwa wake, maana kabla ya hapo alikuwa mtundu wa kuangusha masufuria. Nesi wa kliniki alimwambia mama maneno machache: yai moja kila siku, asikose. Baba wakati huo alikuwa ameshapunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akawa anashinda mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, akitafuta vibarua vya kubeba mizigo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani kulijaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wamevipangia foleni bila kuvipata, sabuni za kila rangi, mafuta, biskuti za kopo, na sisi tulivitazama tu, kwa kuwa macho hayana pazia. Yai nalo likaanza kupanda bei. Mama Neema alimweleza mama kwamba kosa si lake: malori yanasomba dagaa wanaosagwa kulishia kuku, yanawapeleka mbali, hata nje ya nchi, chakula cha kuku kinapanda, na yai linafuata. Wiki moja sarafu niliyopewa ilitosha, wiki iliyofuata nikarudishwa nyumbani niongeze, na ile nyingine nikarudi mikono mitupu. Malimi aliifungua mikono yangu kidole kwa kidole kuhakikisha.

Ndipo bibi yetu mzaa mama alipotuletea kuku kutoka Misungwi. Alishuka kwenye basi na tetea mwekundu ndani ya kapu, kichwa kikichungulia nje. Hakuwa kuku wa kupewa moja kwa moja. Kwetu kuku wa namna hiyo hulelewa: akitotoa, nusu ya vifaranga hurudi kwa mwenyewe na nusu hubaki kwa mlezi, na mayai ya kuatamia ya mzao wa kwanza hayaguswi. Bibi aliongeza kwamba mtoto akizoeshwa mayai hukua mwizi. Mama alilipokea kapu, kwani mama yake hakuwa mtu wa kubishiwa.

Tetea alitaga chini ya kitanda chetu mpaka mayai yakafika kumi na moja. Hapo mama aliyashika mawili mkononi, akakaa nayo muda mrefu, akisema labda ayachemshe, bibi hatajua. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa darasa la nne, wa kwanza katika hesabu, na kiburi changu kilikuwa kimenizidi kimo. Nilimweleza kwamba mayai kumi na moja ni kuku kumi na mmoja, tukitoa wa bibi tutabaki na watano au sita, wakianza kutaga Malimi atakula mpaka achoke, wala hatutamhitaji tena Mama Neema. Siku ishirini na moja tu za kuatamia. Nikamalizia kwa methali ya mwalimu, kwamba mvumilivu hula mbivu. Mama alinitazama kama mtu aliyepata wa kumshauri, akayarudisha. Methali nyingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, nilikuwa naijua pia, ila siku hiyo haikunijia.

Nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikachora mstari kwenye kila yai kama wanavyofanya wafugaji, ili tetea akiongeza jingine tulitambue. Lenye mstari ni la kifaranga. Lisilo na mstari ni bichi, linaliwa. Na kweli aliongeza mawili. Mama akasema hayo hayamo kwenye hesabu ya bibi, akamchemshia Malimi. Baada ya hapo kuku hakutaga tena, lakini mdogo wangu alikuwa ameshaielewa sheria vizuri kuliko nilivyodhani. Kila asubuhi alitambaa chini ya kitanda kutafuta yai lisilo na mstari, akadonolewa, akatoka na alama za mdomo wa kuku mikononi. Hakulia. Alikuja tu kuniambia kwamba leo hakuna.

Siku moja alitoka na yai. Alilishika kwa mikono miwili, kama alivyoniona mimi nikiyabeba kutoka dukani, akanipa.

"Dada, hili halina alama."

Ulimi wake ulikuwa mweusi wa mkaa, na vidole vyake vilevile. Alikuwa ameulamba ule mstari mpaka ukaisha. Leo ningemwona mtoto mwenye njaa aliyekataa kuvunja sheria, akaona heri aitafutie njia. Siku ile niliona kuku wangu mmoja anapungua. Nilimchapa kofi mkononi, nikamwita mwizi kama bibi alivyotabiri, kisha nikachukua mkaa nikachora mistari miwili badala ya mmoja. Alisimama akiniangalia ninavyochora. Hakutambaa tena chini ya kitanda.

Haikupita wiki, akaanza kuharisha. Baba alimbeba mgongoni kwenda hospitali, mama akiwafuata, na siku ya tatu wakarudi naye amefunikwa kwa kitenge cha mama. Bibi alifika kwenye msiba. Siku ya pili baada ya kuzika, akina mama wakiwa wamekaa kwenye mikeka chumbani kwetu, kimya, sauti nyembamba zikaanza kusikika chini ya kitanda. Vifaranga vilikuwa vinatoka. Vilitoka kumi. Yai moja lilibaki baridi, lile la mistari miwili, na bibi alipolitikisa sikioni alisema ni viza. Pengine lilipoa lilipotolewa, pengine lisingeanguliwa kamwe. Nililiacha lioze bila kumfaa mtu.

Bibi alirudi Misungwi na vifaranga vyake vitano. Vyetu vilikua, vikataga, nasi tukamuuzia Mama Neema mayai yote, maana nyumbani hakuna aliyeweza kuyala. Mama aliniona namna nilivyokuwa nikiyakwepa. Siku moja, akipembua mchele, alisema bila kuinua macho, "Kabula, mimi ndiye mama yake. Nilikubali mimi, si wewe." Nimeyashika maneno hayo miaka yote, na nampenda kwa kuyasema, lakini sijawahi kuyaamini.

Siku hizi naishi mjini palepale na nina duka langu la vitambaa, na yai limepanda tena. Nikiwa kwenye foleni ya supamaketi nawasikia watu wakilalamika, kijana wa kaunta akijitetea kwa kisa kilekile cha dagaa na chakula cha kuku, nami nalalamika pamoja nao, kisha nalipa. Nanunua trei nzima. Mwanangu wa mwisho hayapendi mayai. Huacha nusu kwenye sahani na kukimbilia shule, nami simgombezi. Lakini kila trei ikiingia nyumbani, kabla sijayapanga kwenye friji, namtuma mtoto nje kisha nayageuza mayai yote thelathini, moja baada ya jingine, napitisha kidole kwenye kila ganda. Hakuna lenye mstari. Yote haya, Malimi, ni yako.