Barua Pepe ya Kwanza ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi kijijini Kinampanda, katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua mafuta ya alizeti. Mwaka juzi mnunuzi mmoja wa Dodoma aliwaambia kuwa oda zake huzituma kwa barua pepe tu. Kikundi kikanunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, kikamkabidhi mwenyekiti. Ikakaa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, maana hakuna aliyejua pa kuanzia.

Mke wangu ni muuguzi na hakupata ruhusa kazini ya kwenda kumfundisha mama yake. Akaniambia niende mimi. Nilisita. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali: hatupeani mkono, hatuketi pamoja, hatuli meza moja. Miaka yote ya ndoa yangu, mazungumzo yetu hayakuwahi kuvuka salamu na habari za mvua. Nitamfundishaje mtu kompyuta bila kusogea karibu naye?

Nilipofika, nimebeba modemu ya mtandao mfukoni, nikakuta yeye amekwisha kulitatua tatizo hilo. Kompyuta ilikuwa mezani, kiti chake mbele yake. Kiti changu kilikuwa ng'ambo ya meza, mgongo wa kompyuta ukinielekea. Jirani yake, mwenzake wa kikundi, alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage, ili nyumba isiwe ya watu wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

Mtandao ulisumbua kwanza. Nilizunguka na modemu nyumba nzima, mwishowe nikaifunga kwa uzi kwenye nondo za dirisha linaloelekea mji wa Kiomboi, taa yake ikawaka kijani. Kisha nikarudi kwenye kiti changu na somo likaanza.

Kwa kuwa sikukiona kioo cha kompyuta, ilibidi anisomee kila kinachotokea. Maneno ya Kiingereza aliyataja herufi moja moja, nami namwambia maana yake na pa kubonyeza. Kipanya kilimshinda mwanzoni. Kishale kilikimbilia pembeni kikapotea. Nikachukua kiberiti, nikakisukuma taratibu juu ya meza, naye akaniiga kwa kipanya chake hadi mkono ukatulia. Nilikuwa nimewafundisha watu kadhaa kabla yake, na kila mara nilichoka kungoja, nikawanyang'anya kipanya na kumaliza kazi mwenyewe. Safari hii heshima ilinifunga mikono, na kila kitu kilifanywa na yeye.

Tulipokuwa tukifungua anwani yake na kufika kwenye neno la siri, nilimwambia achague analoweza kulikumbuka na asimwambie mtu yeyote. Akauliza kama hata binti yake asimwambie. Nikamjibu hata yeye. Jirani akainamia maharage yake, nami nikatazama ukuta mpaka mama aliposema tayari.

Ikabaki kujaribu kutuma. Anwani pekee tuliyokuwa nayo karibu ilikuwa yangu, nikamtajia. Nikamwambia aandike lolote, hata salamu. Nilidhani atamaliza upesi. Akaandika, akaandika, jirani akamaliza kuchambua maharage na yeye bado anatafuta herufi. Hatimaye simu yangu ikalia. Nikaitoa mfukoni.

"Usisomee hapa," akasema. "Kasomee nje."

Nikatoka hadi nyuma ya nyumba, palipoanikwa alizeti. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa tupu, bila nukta:

"BABA ULE MWAKA MTOTO WENU WA KWANZA ALIPOFARIKI NILIKUJA HOSPITALI NIKAKUKUTA UNAMFULIA BINTI YANGU NGUO NA USIKU ULILALA SAKAFUNI SIKUSEMA KITU MAANA SIKUWA NA PA KUSEMEA ASANTE MWANANGU"

Nilikumbuka alivyofika siku ile, akapita karibu na beseni langu bila neno, nami nikadhani ameona aibu kumkuta mwanamume akifua. Nikajibu kwa simu: "Mama, nimeipata. Asante kwa kunipa binti yako, na asante kwa kuja siku ile." Ndani nikamsikia akimwambia jirani kuwa jibu limefika.

Niliporudi, hakuna aliyeligusa jambo hilo. Tulimwandikia mnunuzi wa Dodoma, kisha nikaandaliwa ugali na kuku sebuleni, nikala peke yangu kama desturi.

Oda zilianza kuja, na kikundi kinaendelea vizuri. Mimi nami huandikiwa na mama. Huniuliza kama kifua changu kimepona, hunieleza alivyokuwa mumewe ujanani, hunionya nisimkaripie mkwe wangu siku nitakapokuwa naye. Nimempata mama ambaye ningezeeka bila kumjua. Tukionana tunasalimiana, kila mtu anakwenda upande wake wa chumba. Mke wangu akiniuliza tunaandikiana nini, humjibu kuwa ni mambo ya alizeti.