Sahani ya Mgeni

Baba mkubwa alifundisha baiolojia mpaka alipostaafu, na ule ugonjwa wa kupanga vitu kwa aina hakuuacha shuleni. Migomba aliitenga: mishare ya mtori huku, ya pombe kule, ya kulisha ng'ombe pembeni. Watu nao aliwapanga hivyohivyo. "Aina hujulikana kwa sifa zake," alipenda kusema, "na huruma si sifa." Tulikuwa tunacheka. Wajinga sisi!

Aliyemsumbua akili ni mama yangu. Baba alishampa talaka, akaoa mwingine Dar, lakini mama aliendelea kukaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa sababu Bibi, mama yake baba, alikuwa hainuki kitandani na hakutaka kulishwa na mkono mwingine. Sasa huyu ni nani? Mke? Si mke tena. Binti wa ukoo? Hapana. Mfanyakazi? Nani anamlipa? Baba mkubwa hakujua amweke fungu gani, na hilo lilimnyima raha. Mama alikuwa na ombi moja tu: aachwe akae. Hakuwa na pengine pa kwenda ila chumba changu cha kupanga mjini, huko Rau.

Desemba tukapanda wote nyumbani, kama kawaida yetu Wachagga. Baba akaja na mke wake mpya. Akachinjwa beberu. Kwetu nyama haigawiwi ovyo; fungu lako linasema wewe ni nani. Mke wa nyumbani hupewa nyama mbichi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akapike jikoni kwake. Mgeni huletewa iliyoiva, ameketi.

Baba mkubwa aligawa mwenyewe. Furushi la jani likaenda kwa mke mpya, aliyelishika kwa ncha za vidole asichafue kucha. Kisha Baba mkubwa akamvutia mama kiti kivulini, akamnawisha kwa maji ya vuguvugu, akamwekea sahani ya vipande vilivyonona, na kijiti cha kuchokolea meno juu yake.

"Karibu sana, mgeni wetu. Usione haya, kula ushibe."

Loo! Baba akawa anatazama viatu vyake. Nilitaka kumpiga yule mzee na hiyo sahani, haki ya Mungu! Mama akanishika goti.

"Wenzangu hupewa jembe siku ya tatu," alisema. "Mimi nimeanza na jembe, leo ndiyo nakaribishwa."

Akala taratibu, mpaka mifupa, akashukuru.

Ndipo Bibi akaita kutoka ndani: "Mkamwana, njaa inaniuma." Mke mpya akaingia na bakuli la mtori. Tukasikia kijiko kikigonga meno yaliyofumbwa, kisha yowe, na yule dada akatoka na mtori kifuani. Baba mkubwa akamgeukia mama.

"Shemeji, hebu kamlishe."

"Mgeni haingii chumbani kwa wenyeji," mama alijibu.

Akanawa, akachukua mtandio wake, akaniambia twende. Bibi, ambaye hakuwahi kumkosea neno, alikuwa anaita bado. Tulimsikia mpaka barabarani. Mama alikuwa analia kwa sauti, na mimi nilimkamata mkono kwa nguvu, asije akarudi.